Jumamosi za Mkalimani: Marehemu Kerrow Warfa Guled, 1961–2025

Wasifu huu umeandikwa na Idman, binti wa kaka yake, na unasomwa leo, siku ya tatu ya tazia, nyumbani kwa marehemu, Bulla Iftin, Garissa.

Mzee Kerrow alizaliwa Hadado, Wajir, tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa tatu wa marehemu Warfa Guled na marehemu Kaaha. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe siku ya kuchukua kitambulisho. Mamake alichokumbuka ni kwamba mtoto alikuwa anatambaa mafuriko yalipokuja.

Alianza shule Hadado mwaka 1969 na kumaliza sekondari mjini Wajir mwaka 1980. Alirudi nyumbani na Kiswahili kilichonyooka hadi wachunga ngamia wenzake wakamwuliza kama anaumwa.

Kuanzia Juni 1983 hadi alipostaafu Machi 2021 alikuwa mkalimani wa mahakama, Garissa. Kazi yake ilikuwa kusema ya watu, bila kuongeza wala kupunguza. Mshtakiwa akisema “mimi niliiba”, naye husema “mimi niliiba”, kwa sauti ileile kavu, kisha huenda zake kunywa chai.

Alimwoa Bi Nurto wa Kutulo tarehe 6 Agosti 1988. Sheikh alipomwuliza kama amekubali, Adeer Kerrow, ami yangu, aligeukia wageni, akawatafsiria swali kwa Kiswahili safi, kisha akanyamaza kumsubiri bwana harusi ajibu. Ikabidi ndugu zake wamfinye. Bi Nurto alicheka siku hiyo, lakini baadaye kicheko kilipungua. Akimwuliza kama nguo imempendeza, hujibiwa kwa maneno ya binti yao, “Fosia anasema imekupendeza.” Mara ngapi tumemsikia akilalamika, “Ya watu wote anayasema. Yake anamwekea nani?”

Mwaka 2016 rafiki yake Mwalimu Sugow alileta kutoka Nairobi mashine ya karaoke yenye vipaza sauti viwili. Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya Alasiri, isipokuwa Ramadhani, marafiki na wake zao walikusanyika sebuleni kwa Sugow. Wapo watakaoguna nikisoma haya. Wagune tu. Mzee huyu alikuwa safu ya mbele msikitini, na adhana ya Magharibi ikilia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzima.

Kuimba hakujua, tuseme ukweli. Mashine ilipompa alama arobaini na moja alitangaza kwamba anakata rufaa. “Waryaa Kerrow, hiyo nyimbo imekushinda, wallahi!” Sugow alimwambia. Lakini Abdisalam, dalali wa mifugo, akiimba mapenzi kwa Kisomali, Kerrow alichukua kipaza sauti cha pili akatafsiri mstari kwa mstari, kwa sauti ya kortini: “Mimi nimeungua moyo. Mimi sili, silali.” Watu walishika mbavu. Bi Nurto alikaa pembeni na chai yake. Wimbo hata mmoja hakuuimba.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki na hakulalamika. Tarehe 1 Oktoba mwaka huu daktari aliwaita wote wawili. Daktari hakujua Kisomali na Bi Nurto Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo mgonjwa akatafsiri. Alimwambia mkewe yote: kwamba moyo nao umechoka, kwamba zimebaki wiki, si miezi. Hakuongeza, hakupunguza. Bi Nurto alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Hayo ni ya daktari. Wewe je? Wewe mwenyewe unasemaje?” Adeer Kerrow alimgeukia daktari, akamtafsiria swali. Walirudi nyumbani, na mama wa watu hakula siku mbili.

Jumamosi, tarehe 4, mgonjwa aliomba apelekwe kwa Sugow. Alisimama kwa kushikilia kiti, akaomba muziki uachwe uendelee ila runinga igeuzwe iangalie ukuta. Sugow alimwambia, “Na maneno utatoa wapi?” Adeer Kerrow alimwangalia mkewe akaanza, nje ya mdundo kabisa, kwa Kisomali: “Nurto, naogopa. Sitaki kukuacha. Nguo zako zote zilinipendeza. Nilichelewa kusema kwa sababu hakuna aliyenitangulia kuyasema.” Abdisalam alilia kama mtoto. Sirad, mke wa Sugow, akapiga vigelegele, kila mtu akainuka kumshika mgonjwa, na muziki ulikuwa bado unaunguruma.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, kabla ya Adhuhuri, akazikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri.

Ameacha mjane, Bi Nurto, watoto watatu, Abdiwahab, Saynab na Fosia, wajukuu watano, na marafiki wa Jumamosi. Mwenyezi Mungu amsamehe, amlaze pema na ampe wasaa kaburini.

Bi Nurto ameagiza iandikwe kwamba Jumamosi ile alimjibu, ila kelele zilikuwa nyingi, na hana hakika kama mumewe alisikia. Alimwambia hivi: “Nimekusikia, Kerrow. Na mimi naogopa.”