Gari Lililogomea Kona

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliokalia matofali, mbele ya duka la kinyozi, pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi. Jumamosi ile asubuhi walikuwa wamekaa watatu. Gia, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye mkono wake hutafuta gia hata akiwa anaongea tu. Kamusi, karani wa zamani, msomaji wa kila kitu, nusu nusu. Na Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha kabisa. Mama Birika, muuza kahawa, alikuwa ameshamimina raundi ya kwanza. Ng'ambo ya barabara lilisimama gari dogo la kijivu, fo-wili, lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Hilo ndilo lililomtoa Sindano nyumbani bila kunywa chai.

— Leo linaondoka, akasema. Kuna mtu anakuja kuliangalia mchana.

— Unauza gari la mkeo? Gia akageuka mzima mzima.

— Mwenyewe kasema liuzwe. Limemchosha.

Hakusema yote. Mkewe, Mama Pacha, nesi wa zahanati, alijifunza kuendesha katika umri ambao wenzake walikuwa wanatafuta miwani. Alitaka jambo moja tu: apande kilimani kila Jumapili kumwona mama yake, bibi wa magoti mabovu asiyeweza tena kushuka. Na alipanda kweli, mvua na jua. Mpaka gari lilipoanza vituko. Akikata kona kali, linashika, linatetemeka, linaguna chini kwa chini, mara linazimika katikati ya njia na watu wanampigia honi. Mumewe alimwambia mguu wake mzito, anakanyaga breki bila kujua. Alimwambia mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa kucheka, mara ya tatu mbele ya majirani. Tangu hapo funguo zilining'inia msumarini, na Mama Pacha akawa anasalimia mama yake kwa simu.

— Basi acha tulitibu kabla halijauzwa, akasema Gia. Linashika vipi?

— Kama mtu aliyekamatwa shati kwa nyuma.

— Breki ya mkono hiyo. Imeganda.

— Nilishakwambia siku ile lilipozimika hapa, ukaenda ukashika rimu mwenyewe. Zilikuwa baridi.

— Kweli. Gia akakuna kidevu. Breki ikishika, rimu inachemka. Basi ni oili ya difu, ile ya meno ya ekseli. Wamemwagia nzito.

— Oili! Kamusi akaweka kikombe chini. Nyie mnatazama chini, tatizo liko juu. Gari hilo limetengenezwa nchi ya baridi. Kule vyuma vinasinyaa. Huku vinatanuka. Likinyooka, vina nafasi. Likipinda, vinabanana.

— Mbona langu la mizigo lilitoka hukohuko na halikubanana?

— Lako lilikuwa lori. Lori halina hisia.

Mama Birika akacheka mpaka birika likatikisika.

— Mimi nadhani linamkumbuka mwenyewe wa kwanza, akasema. Mbuzi tu ukimnunua ukubwani anagoma. Sembuse gari.

— Usicheke, mama, Kamusi akadakia. Siku hizi magari yana ubongo. Yanaweka kumbukumbu. Huenda yule wa kwanza hakuwahi kupita mtaa wenye kona. Sasa linaona kona, linapigwa na butwaa.

— Aisee!

— Ndiyo hivyo. Na magurudumu manne yote yana akili yake. Moja linataka sokoni, jingine linataka nyumbani. Yanavutana.

— Kamusi, kunywa kahawa yako, akasema Gia.

Sindano alikuwa akicheka pamoja nao, lakini kicheko hakikumfika tumboni. Jioni iliyopita alikuwa amemsikia mkewe akimwambia mama yake kwenye simu: "Si gari, mama. Ni mimi. Nimeanza kuzeeka." Aliyasema kwa utulivu kabisa, kama anayeeleza bei ya nyanya. Maneno yale yalikuwa yamemkalia kifuani tangu hapo.

— Kwa hiyo mkeo mwenyewe anasemaje? akauliza Mama Birika.

— Yeye ana nini cha kusema? Ni mguu.

Hapo hapo sauti ikatoka kando yao.

— Hamjambo?

Alikuwa Mama Pacha, mkoba begani, anatoka zamu ya usiku. Wakasogea kumpa nafasi. Hakukaa.

— Hatujambo, shemeji, akasema Gia. Tunaliuguza gari lako.

— Nimewasikia tangu kule barabarani. Akawatazama mmoja mmoja, bila hasira. Nani kati yenu ameshalikatisha kona?

Gia akamtazama Kamusi. Kamusi akakitazama kikombe.  Tangu gari lianze vituko Sindano hakuwahi hata siku moja kukaa nyuma ya usukani wake. Hukumu aliitoa akiwa kwenye kiti cha pembeni.

Mama Pacha akaingiza mkono mkobani, akamtolea mumewe funguo za akiba.

Nyuma ya mashine ya kusaga kulikuwa na uwanja wa lami, mtupu Jumamosi, wakaenda wote huko. Sindano akakaza usukani mpaka mwisho, akaliachia gari litembee taratibu. Lilikwenda kidogo, likaanza kuguna. Usukani ukawa mzito mikononi. Gari likarukaruka, likasita, likasimama. Akatazama miguu yake: mguu ulikuwa umekaa sakafuni, mbali na breki. Akajaribu tena. Ikawa vilevile. Akahisi jasho, na asubuhi ilikuwa bado ya baridi.

— Sasa hamia kwenye vumbi, Gia akapaza sauti.

Kwenye vumbi gari lilikata kona kama linateleza kwenye sabuni, bila kelele.

— Huko lilikuwa halinisumbui, akasema Mama Pacha. Njia ya kilimani ni ya vumbi, linapanda vizuri. Niliwaambia.

Gia alikuwa ameshapiga magoti kando ya tairi la nyuma.

— Haya ni mapya. Nani kaweka?

— Mimi, akasema Sindano polepole. Yalipasuka mawili, nikanunua mawili. Muuzaji alisema saizi si hiyo hasa ila yanaingia.

— Na ya mbele ni yaleyale makuukuu. Una utepe wako?

Sindano akautoa mfukoni, akauzungusha kwenye tairi la nyuma. Haukufika. Akaweka alama kwa chaki ya kukatia nguo, akaendeleza. Kisha la mbele. Tofauti ilikuwa kama upindo wa suruali.

— Kwenye suruali, mteja angenirudishia, akasema.

— Kwenye gari hili ni mbaya zaidi. Gia akajiinua, akachora duara mbili kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Ukikata kona, ya mbele yanakwenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Katikati kuna kiungo kinachoachia tofauti hiyo kidogo. Wewe umeweka madogo mbele, makubwa nyuma. Tofauti imezidi, kiungo kinachemka, kinakaza. Kwenye vumbi matairi yanateleza, yanapumua. Kwenye lami hayana pa kwenda. Weka manne yanayolingana. Bado likishika, basi kiungo kimeumia, fundi akifungue. Mpaka hapo, mwendo wa pole na kona pana.

— Yanavutana, akasema Kamusi. Nilisema.

 Wakarudi benchini. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Mama Pacha. Likatoa nusu kikombe na masimbi, yale mashapo ya kahawa. Mama Pacha akakishika kwa mikono miwili.

— Kwa hiyo, akauliza, mguu wangu ulikuwa na kosa gani?

Lilikuwa swali jepesi, na lilikaa pale katikati yao kama mgeni asiyekaribishwa. Gia akafuta magoti. Kamusi, ambaye hakuna swali lililowahi kumshinda, akatafuta kitu mawinguni. Sindano ndiye aliyepaswa kujibu.

Akatoa simu, akampigia yule mnunuzi, akamwambia gari haliuzwi. Kisha akavuka barabara, akafungua mlango wa dereva, akasimama kando yake ameushika.

— Mama Pacha, tupite kwa wauza matairi. Halafu twende kwa mama.

— Nani anaendesha?

— Wewe.

 Mama Pacha akamaliza kahawa, akarudisha kikombe, akashukuru, akaenda kukaa kwenye usukani. Sindano akazunguka kwenda kiti cha pembeni. Gari likatoka taratibu mpaka kona ya kinyozi, na Mama Pacha alipokata, likaguna, likatetemeka, mabega yake yakapanda juu kama anayengoja kofi.

— Si wewe, akasema Sindano. Ni gari.

Mabega yakashuka. Akaongeza mafuta kidogo, likapita.