Ngazi za Bi Mwanatabu

Mheshimiwa Bwana Mudiri, mkubwa wa serikali hapa kwetu. Wazee wetu wa Likoni, wa Mtongwe na wa Timbwani. Bwana Pollard, mwenye hoteli hii ambayo leo tumeujaza uwanja wake. Ndugu zetu wa kanisani mliofika na watoto wenu. Wageni waalikwa mliovuka kivuko na mliotoka mbali zaidi. Mama zangu, shoga zangu na wanangu: Assalaam aleikum. Na ambao salamu yao si hiyo, hamjambo nyote.

Mimi ni Mwanabibi binti Faki. Wanaonijua wanajua kuwa napika, kuhutubu hawajui, na hata mimi nilikuwa sijui mpaka juzi, wazee waliponiita wakaniambia, "Bi Mwanabibi, mambo haya yalianzia kwenye vyungu vyenu, basi yamalizeni nyinyi." Nikawauliza, wanaume wote hawa wa Likoni, hakuna hata mmoja mwenye ulimi? Basi nikikosea leo, walaumiwe wao.

Tumekuja kufungua ngazi, na tumekuja leo, Siku ya Mwaka, mwanzo wa mwaka wetu wa Kiswahili. Mgeni aliyefika leo anaweza kuchungulia pale ukingoni, akaona ngazi za mawe zinazoshuka jabalini mpaka pwani, akajiuliza: kwa ngazi tu, ndiyo kachinjwa ng'ombe na kuitwa Mudiri? Naam, kwa ngazi tu. Nitaeleza sababu, na nitajitahidi kufupisha, kwani yuko mtu hapa mbele ambaye tangu nianze ananikunjia uso.

Mtu huyo ni mamangu mzazi, Bi Mwanatabu. Tangu alipokuwa kigori, kila Siku ya Mwaka aliteremka pwani hii alfajiri pamoja na wenziwe, wakaoga mwaka, wakayaachia maji yachukue mabaya ya mwaka uliopita. Kisha hupikwa palepale mchangani, huliwa, huimbwa, na watu hurudi makwao jioni wamechoka kwa furaha. Watu wengine wana matembezi mengi. Sisi wanawake wa hapa, ambao siku zetu zote ni moshi na maji ya kisima, siku yetu ya kutoka ilikuwa hiyo moja. Nayo ina masharti yake, tuliyoyakuta kwa bibi zetu. Mtu huingia majini kwa miguu yake mwenyewe. Na chakula cha Mwaka hakirudishwi nyumbani: apitaye huitwa, na aitwaye hakatai.

Vikaja vita. Askari wakatandaza seng'enge juu huku, wakaleta mizinga, wakatwambia pwani imefungwa. Tukanyamaza, maana mtu hashindani na mzinga. Mamangu akawa kila mwaka anaoga uani kwa maji ya beseni, na kila akimaliza husema, "Huku si kuoga mwaka. Huku ni kujimwagia." Vita vikaisha, askari wakaenda zao, nasi tukaanza kusugua masufuria. Kumbe kabla hatujafika, Bwana Pollard alikwishafika. Aliichukua nyumba ya askari, akaiezeka makuti mapya, akatundika kibao chenye picha ya jogoo. Ile seng'enge akaiacha palepale, akaiongezea lango, na lango akalitia kufuli.

Bwana Pollard, usiinamishe kichwa. Nakusifu leo, wallahi nakusifu, ila nakupitisha njia ndefu. Kahindi, mfasirie hivyo hivyo nilivyosema, usimpunguzie.

Kahindi huyu ndiye mpishi wa hoteli, na ndiye aliyetueleza bwana wake alikuwa anataka nini. Eti kwao Uingereza, huko mashambani, kila kijiji kina nyumba kama hii, watu hukutana wakanywa. Wanachokunywa mimi sikijui na sitaki kujulishwa. Mgeni akilala hapo, asubuhi humwuliza mwenye nyumba: leo twende tukatembee wapi? Naye humwelekeza: fuata mto wenye mabata, utaona kanisa la kale, panda kilima uone gofu la ngome, kisha rudi chakula kitakuwa tayari. Bwana Pollard alitaka kuyafanya hayo hayo Likoni. Alipita kwangu siku moja akiuliza, mabata yenu yako mto gani? Nikamwambia bata ninaye mmoja, na hapendi kutazamwa.

Basi akawatafutia wageni wake matembezi. Aliwapeleka mjini kuona Ngome, akawapeleka Mtongwe kwa mashua kuona mikoko, akawapakia kwenye lori mpaka milima ya Shimba. Na pwani ya hapa chini, iliyo karibu kuliko zote, aliiweka iwe yao peke yao, wapumzike bila kelele. Kelele ni sisi, na watoto wetu, na vyungu vyetu.

Je, hatukusema? Tulisema. Ndugu yangu Matano alikwenda langoni kwa adabu, akaambiwa wageni wanataka utulivu. Tukaja kwako, Mheshimiwa Mudiri, ukatupokea vizuri, ukatupa kahawa, ukasema, "Tutaliangalia." Nasi twakushukuru, kwa kuwa uliliangalia sana. Uliliangalia mpaka tukaingiwa na wasiwasi na macho yako. Unacheka, Bwana Mudiri, na mimi nafurahi kwamba leo twaweza kulicheka, kwani wakati ule hatukuwa na kicheko. Mamangu alikuwa anazeeka. Alikuwa ameanza kushika ukuta akitembea. Alfajiri moja nilimkuta amekaa kizingitini, akaniambia, "Mwanangu, mimi sitaki mengi. Nataka kukanyaga mtanga wa pwani mara moja, kisha Mungu afanye apendavyo."

Siku ya Mwaka ya mwaka jana akatuamuru tubebe vyungu twende. Tukamwambia, mama, lango limefungwa. Akasema, "Nimewauliza khabari za lango?" Tukaja wanawake wa mtaa mzima. Kufuli lilikuwa hapo linatutazama. Mama akaligusa kwa mkono, akarudi hatua kidogo, akasema, "Wekeni mafiga hapa." Tukaweka mafiga hapo hapo, nje ya lango, njiani kabisa. Tukapika wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, na mahamri sinia kwa sinia. Sasa jueni taabu yetu: chakula cha Mwaka hakirudi nyumbani, pwani hatufiki, na njia ile haipitwi na mtu isipokuwa wageni wa Bwana Pollard.

Nao wakatoka. Walikuwa wanakwenda Shimba, lori liko tayari linanguruma. Mbele yupo bwana mmoja mnene, kaptura imemkaba, kikapu mkononi. Mama, ambaye kwa mbali haoni vizuri, akasikia viatu akasema, "Karibu." Yule bwana akasimama. Mama akasema tena, "Karibu, mwanangu, kaa." Nani kati yetu angethubutu kumwambia mama kwamba mwanawe huyu ni Mzungu? Tukamtandikia mkeka. Akala hamri kwa mbaazi, akafumba macho, akamwita mkewe. Mkewe akawaita wenzao. Dereva wa lori akazima injini akaja kunawa. Kahindi alikuwa jikoni na nyama yake ya kuoka na viazi vyake, akaona meza haina mtu, akatoka kuwatafuta wageni na upawa mkononi. Naye akaitwa, naye akakaa.

Mwisho akatoka Bwana Pollard mwenyewe. Nyote mnaujua uso wake akikasirika, hugeuka rangi ya kamba aliyechemshwa. Alisimama, akafungua kinywa, na mama akauliza, "Nani huyo mwengine? Mpeni sahani, asisimame kama mdai." Bwana Pollard akatazama wageni wake, wageni wakamtazama yeye. Akakaa. Na hapo, mabibi na mabwana, ndipo nilipoanza kumpenda mtu huyu, kwa sababu hakula kidogo ili aondoke. Alikula akaongeza.

Bibi mmoja mzee katika wageni akamwuliza, na Kahindi ndiye aliyetufasiria: kwa nini kila siku tunapelekwa kutazama mawe ya zamani, na hili lipo mlangoni hukutwambia? Kisha akataka kujua siku zote hufanyika wapi. Mama akanyoosha kidole upande wa lango akasema, "Huko chini, alikokufunga." Hakusema kwa hasira. Bwana Pollard akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akafungua.

Ningependa kusema kwamba siku hiyo mama alioga. Hakuoga. Njia ya kale ya kushukia ilikuwa imebomolewa na askari, imebaki jabali tupu. Wanawake wenye nguvu walishuka kwa kushikilia mizizi. Mama alifika ukingoni, akasikia wenziwe wako majini wanapiga vigelegele, na miguu yake ikakataa. Matano, aliyekuwa ametusindikiza, akapiga magoti akamwambia, mama panda mgongoni. Akajibu, "Mwaka hauogwi mgongoni mwa mtu." Akakaa juu ya jiwe, akasikiliza. Mimi nililia, na sioni haya kulisema hapa. Nilipojifuta macho nikamwona Bwana Pollard amesimama nyuma ya mama, kofia mkononi. Akamwambia Kahindi maneno machache. Kahindi akasema, "Bi Mwanatabu, bwana anasema atajenga ngazi."

Ahadi za namna hiyo tumezizoea, Bwana Mudiri anajua. Lakini wiki ile ile mawe yalianza kuja. Alichonga yeye, akachonga Matano, wakachonga vijana wa hapa na wa kanisani. Alipofika katikati ya jabali akavunja yote akaanza upya, kwa kuwa alipima hatua ya mama akaona kila kidato kimekuwa kirefu mno kwa mguu wake. Mtu anayevunja kazi yake mwenyewe kwa ajili ya goti la kizee cha watu, mimi simwiti mgeni.

Kisha masika ikaja, na mama akaugua. Aliugua vibaya, mpaka jamaa wakaitwa kutoka Gazi. Kazi ya ngazi ilisimama kwa mvua, naye kitandani, sauti haitoki vizuri, kila jioni anamwuliza Matano, "Zimefika wapi?" Nanyi jiulizeni, ni nini kibaya kuliko kuwa na ngazi nzuri na aliyejengewa hayupo? Nilikuwa nikilala nikiiona ngazi hiyo, nyeupe, safi, haina mtu. Niliogopa, jamani. Niliogopa mpaka nikaichukia.

Alhamdulillahi. Mvua ikakatika, homa ikakatika, na asubuhi moja nikasikia mtu anagombana na kuku uani, nikatoka mbio. Ni yeye. Mzigo ulioniondoka moyoni asubuhi ile siwezi kuupimia neno.

Bwana Pollard, lango sasa halina kufuli. Kufuli hilo ulimpa mama kama tunu, naye amelifungia banda la kuku, na tangu hapo fungo, yule mnyama mwizi wa kuku, hajatuibia hata mmoja. Kahindi ananiambia kwamba kwenye ubao wako wa matembezi, juu ya Ngome na juu ya Shimba, umeandika Siku ya Mwaka. Karibuni. Ila wanawake wakiwa majini, wanaume wabaki huku juu, na mashine za picha zibaki vyumbani. Tukiwaita kula, njooni. Na mkija, msije na vijiko. Kahindi, fasiri na hilo la vijiko.

Nawashukuru waliobeba mawe, waliopika, na waliomwombea mamangu msikitini na kanisani. Namshukuru Mheshimiwa Mudiri, ambaye ametuahidi kukata utepe huu kwa mkono wake, na mkasi ninao mimi ili lisiangaliwe tena. Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu, mimi mpishi.

Nilikuwa na maneno mengine, lakini hebu mtazameni. Amekwisha kuvua viatu. Ananiambia maji yameanza kujaa na mimi bado nasema. Abee, mama! Nimemaliza. Bwana Mudiri, kata. Wanaume, geukeni. Mama, njia i wazi. Tangulia wewe, kwa miguu yako, na sisi sote tuko nyuma yako.