Ule Mlio wa Wimbo wa Kwanza

Benchi ni langu, ila ukiwauliza wao watakwambia duka langu ndilo lililojengwa nyuma ya benchi lao. Liko kwenye ujia wa maduka pale Kadıköy, kati ya mshona viatu na mlango wangu. Mimi nauza santuri na vitabu vya watu waliokwisha kufa. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri, ambayo hakuna anayeiswali, wanakuja wanne. Sezai, tunayemwita Nyuzi Saba, alipiga sazi ya umeme, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, katika bendi ya Milango Arobaini. Nejat, yaani Radi, alikuwa mpiga ngoma wa bendi hiyohiyo. Wenzao wote wamezikwa. Hikmet ni dereva wa teksi na jina lake la benchi ni Shirika la Habari. Alper ndiye kijana wao, anakaribia hamsini, na ana tasnifu isiyoisha kuhusu albamu moja tu: Theluji Nyekundu, ile roki ya njozi na mwangwi iliyoitoa bendi kwenye harusi za mtaani ikaiingiza kwenye kila chumba cha mwanafunzi mwenye nywele ndefu. Tunamwita Nadharia. Siku hiyo Nadharia alikuja ameshika simu kama yai. Kampuni ya Ujerumani inaitoa tena albamu, na kabla ya jioni inataka jina la mtunzi wa wimbo wa kwanza. Kwenye jalada la zamani pameandikwa "hajulikani". Müjgân abla, yaani dada mkubwa, wakaniambia, agiza kahawa, leo kuna kazi.

— Andika Sezai, akasema Nyuzi Saba. Tumemaliza, tunywe.

— Tumemaliza na nani? Radi akadaka. Wimbo ule watu wanaukumbukia nini? Mlio! Mwanamke analia kidogo pale mwanzo, mlio unaingia, watu wanapagawa. Na mlio ule si wako.

— Si wangu? Sazi alishika nani, shangazi yako?

— Wewe ulikuwa unakula mkate wa ufuta. Amplifaya ikashika moto, ikalia yenyewe. Mimi ndiye niliyeizima, tena kwa koti langu. Koti la maana.

— Kila mwaka hilo koti linazidi kuwa la maana.

Hikmet akasogeza kikombe, dalili kwamba Shirika linakwenda hewani.

— Mnapoteza muda. Nilimbeba abiria wa redio ya taifa, akaniambia bila kificho: mlio ule ulipopigwa mara ya kwanza, kondoo wa Erzurum walivunja zizi. Ndiyo maana kamati ya redio ikaukataza.

— Kondoo wana redio?

— Mchungaji anayo, bwana! Na Warusi je? Waliunasa wakadhani kombora. Manowari mbili zilipita mlangobahari asubuhi yake. Zaidi ya hapo sisemi, nina familia.

— Hikmet abi, kaka yetu, akasema Nadharia, katika mzaha wako umegusa jambo. Mlio ule ni kijiji kinachokufa ndani ya mji unaozaliwa. Sauti ya yule mwanamke ni kauli isiyo na msemaji.

— Hakuwa na mdomo? nikauliza kutoka mlangoni.

— Kinadharia, abla.

— Kinadharia kahawa hiyo mmelipa.

Wakati huo alikuwa ameingia mwanamke wa makamo, koti refu, kitambaa kimefungwa shingoni, na alikuwa ameitoa Theluji Nyekundu kwenye rafu. Hakutazama bei. Nikadhani katumwa na tamthilia, maana tangu wimbo ule upigwe kwenye tamthilia ya televisheni majira ya baridi kila mtu anautaka. Nikamwacha. Nje, Sezai alikuwa amepandisha mori.

— Haya, mnataka ukweli? Tulikwenda upande wa Divriği na mashine ya kurekodi, kutafuta nyimbo. Bendi zote zilifanya hivyo. Tukamkuta mama kwenye msiba, anamlilia mwanawe aliyefia thelujini. Sauti ile, usiombe! Studio tukaiweka mwanzo wa wimbo. Tatizo, kila akifika mwisho wa mstari anaita jina la mtoto. Anaita, analivuta, linayumba, linaua mapigo. Nikajaribu kuingia baada yake, haikai. Nikasema basi, naingia juu yake. Nikabana nyuzi kwa glasi ya chai, nikafungua umeme mpaka mwisho, jina likazama. Huo ndio mlio! Wangu! Andika, Alper.

Radi akakuna kidevu.

— Ni kweli, akasema. Koti liliungua siku nyingine.

— Lilikuwa jina gani?

Wote wakageuka. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni pangu, santuri kifuani.

— Unasemaje, binti yangu? Sezai akauliza.

— Hilo jina ulilolifunika. Lilikuwa jina gani?

— Aa, miaka hamsini hiyo!

— Najua. Mimi nilikuwa tumboni.

Anaitwa Döndü. Mama yake alizikwa vuli hii, karibu na mwanawe yule wa thelujini, kaka yake Döndü, ambaye jiwe lake la kaburi ni tupu. Fundi wa mawe anamsubiri aseme aandike nini.

— Mama hukumwuliza? Hikmet akasema, kwa sauti ya chini kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo.

— Maisha yangu yote. Alikuwa anajibu, nililitoa siku ile, wenye mashine wakaondoka nalo.

— Majirani?

— Wazee waliobaki kila mmoja anataja jina tofauti.

— Serikalini?

— Kwetu mtoto haandikishwi mpaka uone amevuka baridi mbili tatu. Yeye hakuvuka.

— Atakuwa Ali. Kule wengi ni Ali.

— Usinibahatishie, kaka.

Hikmet, mwenye habari za manowari za Warusi, akainamia kikombe chake.

— Na kanda yenyewe? nikauliza mimi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anauliza.

Sezai akamtazama Radi, Radi akatazama viatu.

— Kanda zilikuwa ghali, abla. Tulirekodi juu yake.

— Nini?

— Mazoezi ya albamu ya pili.

Albamu ya pili ninayo dukani. Naegemezea mlango.

Döndü akamgeukia Nadharia.

— Wewe nasikia umeandika kitabu.

— Kurasa mia nne, akasema, na safari hii hakusema kinadharia. Halimo.

— Nani alimshikia mama maikrofoni?

Radi akanyoosha mkono polepole, kama mwanafunzi.

— Basi ulikuwa karibu na mdomo wake.

— Nilikuwa naangalia mshale wa mashine, dada. Usiingie kwenye nyekundu.

Akaomba nimpigie. Nikaweka santuri. Sauti ya mama yake ikaja, mbivu, iliyokwaruzwa, ikapanda mstari wa kwanza, na kabla haijatua mlio ukaikata. Albamu nzima ilijengeka juu ya mlio ule. Mimi mwenyewe niliwahi kuucheza hadi viatu vikanitoka. Döndü akapiga magoti, akabandika sikio kwenye spika, mkono mmoja juu ya sanduku la spika.

— Rudisha.

Nikarudisha. Akaomba tena.

— Namsikia anavuta pumzi, akamwambia Sezai, bila hasira, kama anayemwelekeza mgeni njia. Anaanza, hata ulimi nausikia. Halafu wewe unaingia.

— Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, akasema Sezai.

— Na mtoto alikuwa na mingapi?

Radi akainua kikombe, akakuta mashapo matupu. Ndipo simu ikalia mkononi mwa Nadharia. Akasikiliza, akaifunika kwa kiganja.

— Ni wao. Wanauliza, wimbo wa kwanza waandike jina gani?

Sezai akavuta pumzi ajibu.

— Rudisha, abla, akasema Döndü.

Nikairudisha sindano mwanzo.