Historia ya Dada Yetu Bi Subiri-Iote, Mpimaji wa Kuvu za Nyasi

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, dada yetu mpendwa, ambaye kazini hadi nyumbani aliitwa Bi Subiri-Iote, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watatu, na sisi wawili tuliomfuata tulilelewa mgongoni mwake.

Alianza shule Januari 1968, akamaliza sekondari Novemba 1979, akasomea kazi ya maabara, na tarehe 2 Mei 1983 akaajiriwa katika maabara ya magonjwa ya mimea, meza ya dirishani, kupima nyasi za viwanja vya mpira, watu wakamcheka kwamba mtu mzima analipwa kutazama majani, naye akawaacha wacheke. Jani lenye doa alilifunika ndani ya kisahani chenye karatasi yenye unyevu, akangoja nyuzi za kuvu zichomoze, akazitazama kwa hadubini ndipo aitaje kuvu kwa jina, na kabla ya hapo, hata mkurugenzi aje amefura, jibu lilikuwa lilelile, subiri iote.

Ndivyo alivyokutana na shemeji yetu, mtunza uwanja, ambaye nyasi zake zilikauka kwa miduara, akadhani zina njaa, akazimwagia mbolea bila kungoja majibu, kumbe anailisha kuvu, uwanja mzima ukafa. Dada alimsema mbele za watu hadi akakosa pa kuuweka uso, wakaoana tarehe 8 Desemba 1987, wakajaliwa binti mmoja, huyu aliyekaa hapa mbele.

Kikohozi kilimwanza Februari mwaka huu. Kilipozidi mwezi Julai, daktari alishuku kuvu kwenye mapafu, akapeleka makohozi yaoteshwe, akataka dawa ianze siku ileile, dada akakataa katakata, akisema yeye hatibiwi kwa kubahatisha, na shemeji alipomlilia akamuuliza kama ameshausahau ule uwanja. Subira huvuta heri, lakini safari hii haikuvuta kitu, dada alifariki tarehe 9 Agosti alfajiri, majibu yakatoka kesho yake, ni kuvu ileile aliyoishuku daktari, na dawa yake ilikuwa kabatini. Inatuuma, hatutaficha.

Tunakushukuru, daktari, usijilaumu, tunawashukuru wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa maabara mliomfunikia hadubini yake.

Pumzika, dada, majibu yametoka, hakuna tena cha kungojea.