Fundi Asiyeondoka Mpaka Simu Ipokelewe

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, saa kumi na moja jioni, fundi mkuu wa laini za wateja atarudisha stoo funguo za makabati ya nyaya yaliyo mtaani, kipima laini kimoja, ngazi yenye kipago kilichofungwa waya, na kitambulisho ambacho picha yake imefifia hadi yamebaki masharubu. Atakuwa ameitumikia kampuni hii miaka thelathini na minne na miezi miwili. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa alipopanda nguzo yake ya kwanza.

Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mzee Subiri, kwa sababu hilo ndilo neno analolisema kwa kila mteja, vifaa vikiwa vimeshafungashwa na dereva ameshawasha gari: "Subiri kwanza."

Aliajiriwa enzi za simu za mezani na kujifunza kazi kwa kubeba ngazi ya mtu mwingine miezi minane. Intaneti ilipoanza kupita kwenye nyaya zilezile za simu, ikilia kama paka aliyebanwa na mlango, wenzake waliona ni upepo tu, utapita. Yeye peke yake aliomba kupelekwa mafunzoni. Modemu yake ya kwanza aliifungua skrubu zote kabla ya kuitumia hata mara moja, mpaka marehemu mkewe akamuuliza kama ameileta nyumbani kuitumia au kuichinja.

Nyumbani kwake kuna ruta kumi na moja, redio nne alizoziunda mwenyewe, na rafu ya vitabu vya maelekezo anavyovisoma kama wengine wanavyosoma riwaya. Simu mpya ikitoka, anaijua kabla ya vijana wa mauzo. Kwa hiyo wanaosema Mzee anachukia teknolojia hawamjui. Anaipenda, ila anaipenda kama mtu anavyompenda ndugu aliyekuwa wa kwanza darasani kisha akaishia kuuza maneno. Tangazo letu la "kasi isiyo na kikomo" lilipobandikwa mapokezi, alilisoma mpaka mwisho, yale maandishi madogo pia, akasema kila kitu kina kikomo, hata uvumilivu wa mteja. Kuhusu ile sauti inayomwambia anayepiga kwamba simu yake ni muhimu sana kwetu, alisema mtu muhimu hasubirishwi kwa muziki. Na kuhusu makundi ya familia kwenye simu: "Zamani ukoo ulikutana harusini na msibani. Siku hizi unakutana kila saa, na hakuna anayejua nani anaumwa."

Ramani ya makabati mia nne na kumi na mawili tunayoifungua kila asubuhi kwenye kompyuta ilinakiliwa kutoka madaftari yake matatu. Alipoulizwa mbona jina lake halimo, alijibu kwamba ramani ikiwa na jina la mtu, watu watakwenda kumtafuta mtu badala ya kabati. Amefundisha mafundi hamsini na watatu. Amepewa barua moja ya onyo, na hiyo tuieleze, maana anaionea fahari.

Baba mmoja mwenye nyumba aliomba intaneti ifike kwenye vyumba vya watoto wake wanne ili wasisumbuke kutoka. Mzee akazunguka nyumba, akapima, akakuna kichwa, akafunga kifaa sebuleni. Akamwambia baba huyo kwamba kuta zake ni nene na mawimbi hayapendi kona. Watoto wakalazimika kuhamia sebuleni na simu zao, wakinuna. Baada ya miezi mitano akaja fundi mwingine, akaona kwamba kuta zile hata kikohozi zinapitisha. Baba akaandika malalamiko. Mama wa nyumba hiyohiyo akaandika barua yake kando, akiomba fundi asiadhibiwe, kwa sababu sasa anazijua sauti za wanawe. Barua zote mbili zimo kwenye faili lake. Ya onyo ndiyo yenye muhuri.

Sasa nifike kwenye jedwali. Miaka mitatu iliyopita iliwekwa skrini kwenye korido, kati ya mashine ya maji na mlango wa choo, inayoonyesha majina ya mafundi kwa kufuata dakika wanazotumia kwa kila kazi. Wepesi wako juu kwa kijani, wazito wako chini kwa nyekundu. Jedwali hilo nililitengeneza mimi. Mzee Subiri alikaa mstari wa mwisho miezi ishirini na sita mfululizo. Kila asubuhi alisimama mbele yake, akavaa miwani, akasema, "Nipo? Nipo. Basi sijafa," akaenda zake. Vijana wa zamu wakimtania kwamba ameshika mkia tena, aliwajibu kwamba mkia nao ni sehemu ya ng'ombe, na ndio unaofukuza nzi.

Nilitumwa niende naye siku tatu nione dakika zinapotelea wapi. Hazikuwa zimejificha. Siku ya kwanza tulikwenda kwa mama mshonaji ambaye faiba yake ya intaneti ilikatwa na wachimba mtaro. Mzee aliiunga kwa dakika kumi na tisa, na fundi anayeongoza jedwali asingeweza kumshinda. Kipimo cha kasi kikasoma vizuri. Nikafunga daftari langu. Yeye akasema, "Subiri kwanza," akamgeukia mwenye nyumba na kumuuliza kama kuna mtu ambaye angependa ampigie. Mama akacheka, akauliza kama huu ni ufundi au ni uchumba. Kisha akamwandikia mdogo wake anayeishi mji mwingine kwamba apige, na tukakaa kumngoja.

Tulikaa dakika thelathini na moja. Mzee alishika ncha ya kitambaa mama akikata, akakaza plagi ya pasi iliyolegea, akanywa maji. Simu ilipoita, chumba kizima kilijaa sauti: "Dada! Mbona umenenepa hivyo?" na nyingine ikijibu, "Na wewe mbona umezeeka kabla yangu?" Wakati huo Mzee alikuwa ameshasogea mlangoni, amewapa mgongo, anaandika kwenye fomu kwamba kazi imekwisha.

Ndani ya gari nilimuuliza kwa nini hatosheki na kipimo cha kasi. Akasema kipimo cha kasi ni kama kipimajoto: kitakuambia joto la chumba, hakitakuambia kama aliyemo yu hai. Kisha akafungua sanduku la vifaa na kunionyesha cheti kilichobandikwa ndani ya kifuniko, kichwa chini miguu juu. Ni cha mwaka wake wa pili kazini. Kimeandikwa: Fundi Mwepesi wa Mwezi.

Mwezi ule alimwingizia simu mama mmoja mjane. Mwanawe wa pekee alikuwa ameondoka nyumbani wakiwa hawaelewani, akaacha neno kwa jirani kwamba mama akipata simu, atapiga kila Jumapili. Nambari kijana aliichukua kwa jirani huyohuyo, alipopita mara moja bila kusema anakoishi. Siku ya kuifunga, fundi wetu alikuwa na kazi sita. Aliinua mkono wa simu, akasikia mlio, akaridhika. Kanuni ilitaka awaombe watu wa mtambo, kule simu zinakounganishwa, wampigie, asikie simu ikiita ndani ya nyumba ile. Foleni ya mtambo ilikuwa ndefu. Hakungoja.

Laini ile ilikuwa inatoa bila kupokea. Mama alikaa karibu nayo Jumapili saba, amevaa vizuri. Ya nane alikuja ofisini, bila kelele, kuuliza kwa adabu kama inawezekana simu ikawa nzima na bado isifanye kazi. Hitilafu ilikuwa ya waya mmoja, ikarekebishwa kwa dakika nne. Lakini juma hilohilo jirani alipokea barua isiyo na anwani ya kurudishia, yenye mistari miwili: nimepiga Jumapili saba, mama hapokei, nimeelewa.

Mama hakumgombeza fundi. Alimtengea kiti, akampa barua aisome, akasema, "Kumbe alikuwa anapiga." Basi. Mzee ananiambia kwamba angetukanwa, huenda angesahau.

Kijana hakupiga tena. Fundi ndiye aliyeanza kupiga, kila Ijumaa saa nne asubuhi, kutoka chumba cha mitambo. Kwenye daftari la zamu aliandika kwamba anapima laini. Alikuwa akiuliza, "Laini inafika, mama?" na mama akijibu, "Inafika, mwanangu." Wakati mwingine hayakuongezwa mengine. Ilikwenda hivyo miaka tisa, mpaka Ijumaa moja ikapokelewa na mpwa wake aliyeomba laini ikatwe. Alikwenda kuikata mwenyewe.

Niliyoyaona katika siku zile tatu niliyaandika kurasa sita. Kwenye kikao nikaambiwa muda ni mchache, niyaweke katika mstari mmoja. Nikaandika: "Wastani wa dakika thelathini na moja za kusubiri kwa kila kazi hauna sababu ya kiufundi." Mstari huo ni wangu, hakuna mwingine wa kulaumiwa kwa maneno yake. Mafundi wenye ujuzi wa namna hii huombwa wabaki miaka miwili baada ya umri wa kustaafu, wawafundishe wageni. Yeye hakuombwa. Kwenye faili lake, sababu iliyoandikwa ni mstari wangu, neno kwa neno.

Baadaye sana ndipo nilipotafuta hesabu ambayo jedwali halikuwa na safu yake. Kati ya kazi zake elfu moja na mia mbili za miaka miwili ya mwisho, wateja waliopiga tena kulalamika ndani ya mwezi ni tisa. Wa fundi anayeongoza, kwa idadi hiyohiyo ya kazi, ni mia mbili na arobaini. Nimempa Mzee hesabu hiyo ikiwa imechapwa, pamoja na samahani. Aliivalia miwani, akaisoma, akasema hao tisa angependa kujua ni akina nani.

Kamati ya kumuaga ilimuuliza achague zawadi: saa ya ukutani, blanketi au televisheni. Akaomba mstari. Fomu yetu ya kufunga kazi ina vipengele kumi na vinne vya lazima, kuanzia aina ya waya hadi kasi ya kupakua. Aliomba cha kumi na tano: Nani alipokea? Alijibiwa kwa maandishi kwamba ombi lake limepokelewa na litaangaliwa fomu itakapopitiwa upya. Fomu hupitiwa kila baada ya miaka minne, na ilipitiwa mwaka jana. Kwa hiyo Ijumaa atapewa saa.

Lingekuwa jambo la kufurahisha kuandika kwamba anakwenda kupumzika katikati ya jamaa. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Binti yao yuko mbali, tofauti ya saa sita. Mzee humwandikia aya nzima, na binti, akiwa kazini, humjibu kwa dole gumba. "Dole gumba ni jibu," anasema Mzee, "ila halina sauti." Huyu ni mtu aliyeunganisha nyumba zaidi ya elfu ishirini. Sebuleni kwake, juu ya kitambaa alichofuma mkewe, ipo simu ya mezani ya kijani, nzima kabisa. Nilipomuuliza mara ya mwisho iliita lini, alisema anajua inapokea, huwa anaipigia mwenyewe.

Lakini kuna jambo hajalijua, na tumelihifadhi kwa ajili ya makala haya. Chini kabisa ya fomu kuna kisanduku kisicho cha lazima, kiitwacho Maelezo Mengine. Kwa miaka yote niliyotunza fomu hizi kimekuwa kitupu. Tangu habari ya ombi lake ienee, kimeanza kujazwa. Hakuna aliyetoa agizo. Naandika kama yalivyo: "Dada yake." "Mume, yuko safarini." "Mjukuu, amelia." "Fundi wa maji, hakuwa na mwingine wa kumpigia." "Hakuna aliyepokea, nimesubiri dakika arobaini, nitapita kesho." Huu wa mwisho ni wa yule kijana anayeongoza jedwali. Wiki hii ameshuka hadi nafasi ya tano na hajauliza kwa nini. Hadi asubuhi ya leo kazi zilizojazwa hivyo ni thelathini na nane. Zilizoachwa tupu ni zaidi ya mia tisa. Sitaki kumdanganya Mzee siku yake ya mwisho.

Mzee Subiri, tunakushukuru kwa nguzo, kwa madaftari, kwa barua ya onyo, na kwa dakika zile thelathini na moja. Mungu akupe afya, na akupe nyumba yenye sauti ndani yake. Saa ya ukutani tunajua utaifungua skrubu kabla hujaitundika. Ukimaliza kuiunga tena, iweke mahali inapoonekana kutoka kwenye kiti cha sebuleni, kwa sababu kila Ijumaa saa nne asubuhi kuna mtu wa zamu atakayekupigia kutoka chumba cha mitambo. Orodha ya zamu imeshabandikwa kwenye korido, chini ya skrini, na jina la kwanza ni langu. Kwenye daftari tutaandika kwamba tunapima laini. Usikimbie kuipokea, magoti yako tunayajua. Tutasubiri. Utuambie tu kama inafika.