Moshi Wote wa Nyumba ya Masalu

"Nyumba ya miti ndiyo inayomaliza miti, mama. Mchwa wakiila, unakata mingine. Ya tofali unajenga mara moja," Masalu alimwambia mwanamke aliyeketi naye kwenye basi la Masumbwe.

"Na kuni za kuchomea tofali?"

"Ngitili ya baba, ile hifadhi yake ya malisho, ina miti ya kutosha."

Justa, mwenye diploma ya misitu, aliyekaa kiti cha nyuma yao, aliacha kujifanya amelala. Malisho yote yale na miti yake, kwa tanuri moja?

"Basi hesabu moshi wote: wa tanuri, wa kiwanda cha bati, wa lori la saruji, mpaka nyumba ianguke. Kisha hesabu wa ile ya miti. Upi umezidi?" mwanamke aliuliza.

"Sijui. Wewe unajua?"

"Sijui. Ila mimi sijakata."

Justa naye hakujua. Diploma yake haikumfundisha hesabu hiyo.

"Konda, nishushe," Masalu alisema. "Wakata miti wanaanza asubuhi hii."

Basi liliposimama, alikatiza shambani mbio kuwazuia kabla ya shoka la kwanza.