Waliomlilia Tamuzi

Benchi letu lilikuwa taruma la zamani la reli, limelazwa juu ya matofali mbele ya duka la Dhirajlal, hatua chache kutoka stesheni ya Korogwe. Kila siku saa tisa alasiri Mhina alifika na birika lake la kahawa. Tulimwita Redio, maana hakuna habari iliyompita, na aliyoikosa aliitunga. Semboja, aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa Signali. Mimi waliniita Digrii. Ilikuwa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mwaka 1975. Sukari haikuwepo, kwa hiyo tulikunywa kahawa chungu na kubishana ili kuisahau. Kosa la siku hiyo lilikuwa langu: nilikuwa nimemwazima Semboja daftari langu la Chuo Kikuu.

— Sikilizeni, Semboja alisema, akilisogeza daftari mbali na macho yake. “Osiri, mungu wa Misri. Aliuawa, akatiwa sandukuni, akatupwa mtoni. Akawa hai tena.” Kabla ya Yesu, bwana! Miaka elfu na zaidi!

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, Mhina akasema.

— Hiyo methali inaingiaje hapa, Redio?

— Si alitupwa mtoni?

Nilisema kwamba Osiri hakurudi duniani. Alibaki mfalme wa wafu. Yapo yanayofanana na yapo yasiyofanana.

— Digrii, usituharibie safari. Haya, huyu hapa: “Mithra, alizaliwa tarehe ishirini na tano Desemba.”

— Soma na pembeni. Nimeandika: ushahidi haupo.

— Pembeni sisomi. Treni haipiti pembeni.

Mhina alimimina kikombe kingine.

— Mimi nawaambieni, lile sanduku la Osiri lilifika hapa. Naili na Pangani ni mto na mdogo wake. Lilikwama Maurui.

— Ndiyo maana mamba wa Maurui hawali mtu Ijumaa, Semboja akadakia.

— Umeona! Na Wazungu waliokuja kulima mkonge walikuwa wanalitafuta. Mkonge ulikuwa kisingizio. Mtu mwenye akili zake atalima miiba?

Tulicheka. Kisha Semboja akalifunga daftari, akaliweka juu ya goti langu. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

— Sasa mwenzangu nijibu. Lori la Lutindi linaondoka saa kumi. Mama mkwe wako ameagiza mara mbili. Unakuja, huji?

Huko Lutindi, alfajiri ya Pasaka, Wakristo hupanda makaburini na taa, wakaimba hadi jua lichomoze. Katika ukoo wa mke wangu, mwaka wa kwanza taa ya marehemu hushikwa na mwenzi wake. Asipofika, taa haiwashwi, na kaburi hilo hupitwa kimya. Mke wangu tulikuwa tumemzika huko Januari.

— Sijaamua, nilisema.

— Kwa sababu ya Osiri?

— Kwa sababu sitaki kusimama mbele ya watu niimbe jambo nisilolijua.

— Basi na mimi naenda kufanya nini, Digrii? Mke wangu yuko kule mwaka wa tisa. Kama hadithi yenyewe ya kuazima, niambie nikalale.

Hakuwa anatania. Wodini, siku mbili kabla hajafa, mke wangu aliniuliza kama tutaonana tena. Nilimjibu kwamba mataifa mengi yameamini hivyo, tangu kale. Jibu lilikuwa sahihi. Aligeukia ukutani.

— Haraka haraka haina baraka, Mhina alisema kwa upole. Hata Yesu wenu alingoja siku ya tatu.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja wa Kimaasai, Naipanoi, akisubiri basi la Handeni na kibuyu chake kitupu cha maziwa. Tulikuwa tumempa shikamoo na kumsahau.

— Mwanangu, aliniambia, hao watu wa zamani walifanyaje, huyo wao alipokufa?

— Wengine walilia, mama. Yuko mmoja aliitwa Tamuzi. Hata Biblia inamtaja. Kila mwaka wanawake waliketi wakamlilia.

— Walilia kweli? Machozi?

— Inasemekana, ndiyo.

— Walikuwa wamefiwa na nani?

— Na huyo Tamuzi.

Alitikisa kichwa.

— Hapana. Huyo walimwona wapi? Nauliza kwao, nyumbani. Kila mmoja alikuwa amefiwa na nani?

Semboja alinitazama. Mhina alishika birika, hakumimina. Nililifungua daftari, nikalifunga, nikijua jibu halimo. Nilikuwa nimeandika majina ya miungu, miji na karne. Sikuwa nimeandika jina la mwanamke hata mmoja.

— Sijui, mama.

— Haya, alisema, akakiweka kibuyu begani. Basi lake lilikuwa linaingia.

Lori likapiga honi upande wa stesheni. Semboja alisimama, akajipangusa suruali, hakuniuliza tena. Mhina aliinamisha birika. Yalitoka mashapo tu.

Dhirajlal alikuwa anafunga milango ya duka.

— Dhirajlal-bhai, tafadhali. Nusu chupa ya mafuta ya taa.

— Nimebakiza ya nyumbani tu, ndugu. Ya nini?

— Ya Yuditha, nilisema.

Tangu Januari nilikuwa sijalitamka jina hilo. Dhirajlal alirudi ndani na chupa tupu, akatoka nayo imejaa hadi shingoni. Semboja alikuwa amesimama nyuma ya lori, mkono ameunyoosha.

— Umeamini, Digrii?

— Nivute, bwana, chupa isimwagike.